Nakala Mia Mbili

Tulirekodi Agosti, Mabela ya viwandani,
kwenye gereji ya viyoyozi ya babake Mundhir,
na kitu cha kwanza tulicholazimika kuzima
ni kiyoyozi.
Kingevuma ndani ya kila wimbo.

Ndiyo maana nyimbo zetu ni za dakika tatu, tatu u nusu.
Zaidi ya hapo vidole vya Raiya viliteleza kwenye besi
na Qais akaanza kuona ngoma mbili mbili.
Watu wanasema tunapiga mbiombio, kama wenye hasira.
Hatukuwa na hasira. Tulikuwa na kiu.

Wimbo wa nne una kasoro. Sikiliza dakika ya pili,
gitaa linapotulia:
mlango unalia, na bibi yangu, sufuria ya mbaazi mkononi,
kwa Kiswahili alichokikunja Unguja mwaka sitini na nne
akakikunjua Maskati bila hata mkunjo mmoja:
“Nyie! Mtakufa humo, na mie sitaki kesi.”
Tuliurudia mara nne bila yeye.
Mara zote nne ulikuwa maiti.
Tukamwacha. Mpaka leo anauliza sehemu yake iko wapi.

Pesa? Mundhir aliuza namba ya gari,
tarakimu nne, urithi wa babu yake,
namba ambayo wanaume waliigeukia kwenye mizunguko ya barabara.
Siku hizi ana tano, kama sisi wengine,
na hageukiwi na mtu.

Jalada tulilichapisha Ruwi kwa Shaji,
mchapaji wa kadi za harusi.
Akatutazama wote wanne. “Bwana harusi nani?”
Yakatoka na ukingo wa dhahabu ambao hatukuuomba;
alikuwa amebakiwa na wino, akasema, na msimu umekwisha.

Hatukuwa na kampuni. Lakini ubavuni lazima pawe na jina,
tukaandika la gereji: Baridi ya Uhakika.

Tuliuza sitini na moja,
nyingi kwenye buti la gari, Sibu, baada ya Isha,
moja kwa askari aliyekuja kutufukuza.

Zilizobaki zililala kwetu chini ya kitanda
mpaka Ami Khalfani akaja kutoka Barka, akaziona, akasema:
“Hizi zinang’aa. Nipe.”
Akazitungia uzi, akazitundika mitendeni
tende zilipoanza kuingia rangi,
ndege wasishuke.

Alfajiri zinazunguka zote kwa pamoja,
nyimbo tisa mara mia na ushei,
kimya.

Juzi nilipanda na kamba kumkatia kikonyo cha khalasi.
Juu kabisa nikamkuta ndege mmoja, mdogo, kichwa kakilaza upande,
amekaa mbele ya diski yetu
hatikisiki.
Ami akapiga kelele chini: mfukuze!
Sikumfukuza.
Nilimhesabu: wa sitini na mbili.