Ukurasa wa Nne: Viongozi Wetu

Nimepewa ukurasa wa nne wa kijarida.
Maneno themanini kwa kila kiongozi, picha moja,
tai isiwe nyekundu.
Mchapaji wa Barabara ya Sita anangoja mpaka saa kumi.
Nje, vumbi la Nala linapiga kioo
kama mtu anayepeta uwele upande usio wa upepo.

Mkurugenzi Mkuu, Bwana Mughwai, ameleta maneno mia tatu.
Benki miaka kumi na mitano, bodi saba, tuzo mbili,
"mwenye maono" mara nne.
Nimefuta mara tatu.
Mtu hana haja ya kuona mbali kiasi hicho.

Mkuu wa Ubora, Ntandu, alipata kuwa mkaguzi wa nyama.
Muhuri wake wa zambarau aliunyima ng'ombe wa diwani,
akahamishiwa Manyoni juma lilelile.
Hilo halimo. Lililomo ni "uzoefu katika sekta ya umma."

Na Dakta Sechela Chidumizi, Mkuu wa Utafiti,
amenipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne:
*Shahada ya uzamivu, Uppsala. Chachu na protini.
Hataza mbili.*
Basi.
Na kati ya elfu mbili na mbili na elfu mbili na tano,
pengo.

Nikapanda ngazi.
Nikamkuta maabara, miwani imemteleza puani,
kasimama mbele ya tangi la lita mia mbili,
lenye vipimo vya joto, vya hewa, vya uchachu,
kila kimoja na namba yake ya kijani,
na yeye ananusa.

"Dakta, miaka hii mitatu niandike nini?"

Hakugeuka.
"Mvumi. Mama alivunjika nyonga.
Pombe haikumngoja apone.
Wateja walikuwa wa Jumatano na Jumamosi,
na ada ya wadogo zangu ilikuwa ndani ya mitungi ile.
Nikaacha chuo mwaka wa pili, nikapika ujimbi.
Uwele ukilala majini usiku mmoja wa ziada
hunuka kwato.
Chachu ikichoka hunuka ndizi.
Mama, kutoka kitandani, chumba cha pili, mlango umefungwa:
'Sechela! Mtungi wa tatu unalia vibaya, ufunue!'
Hakuwa anauona.
Alikuwa anausikia."

Akagonga chuma kwa kidole, taratibu,
kama anayeuliza kuna mtu.
"Hii nayo ni chachu. Tumeifundisha tu
kutengeneza dawa badala ya ulevi.
Tabia yake ni ileile. Inanuna vilevile."

Nikasema, tuandike basi, maneno yapo ya kutosha.
Akasema wafadhili wanakuja Alhamisi.
Akasema, "Andika: *uchachushaji kwa viwango vikubwa.*"
Akacheka.
Mimi nilikuwa natazama mikono yake,
kovu la mvuke kuanzia kifundo hadi kiwiko,
ambalo kwenye picha limefunikwa na koti jeupe.

Nimerudi mezani. Nimeandika ile sentensi, nikaifuta.
Nimeandika *mama yake alikuwa mpika pombe*,
nikaifuta hiyo pia, kwa kuwa hakunituma.
Siri ya mtu si mali ya mwenye kalamu,
hata kama ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Saa tisa na nusu mchapaji amepiga simu.
"Kwa huyu Dakta, katikati ya aya, mistari mitatu iko wazi.
Niibane?"
Usiibane.
"Ni ya tangazo?"
Hapana.
"Sasa ya nini?"
Nikakosa cha kumwambia. Nikamwambia iache tupu,
na karatasi iwe ile nzito.

Juu, kengele ya tangi ikalia.
Viatu vya Dakta vilikuwa vimeshapita
juu ya kichwa changu, mbio,
kitambo kidogo kabla.