Saizi

Ezati alisimama juu ya stuli yangu, mikono kaitanua
kama shati lililoanikwa, pini sita kiunoni,
koti jeusi la karani mpya wa mahakama ya Arua
likimning'inia mabegani kama la kuazima.
"Shangazi," akasema, "unajua neno saizi lilizaliwa wapi?"
Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaguna.

Akasema: kortini.
Zamani za Waingereza, kabla hawajatujua wala sisi kuwajua,
walilitwaa kwa Wafaransa, likiwa refu kuliko hivi,
na maana yake kikao:
mahakimu wameketi, wanaamua
mkate wa senti moja uwe na uzito gani,
pombe ijae hadi wapi kwenye kata,
na anayepunja atozwe.
Basi kipimo kilichotoka kikaoni
nacho kikaitwa kikao.
Baadaye watu wakalikata neno kichwa, wakabaki na mkia,
na mkia huo ndio tunaoulizana sokoni kutwa:
saizi gani, mama? Mtoto yuko darasa la ngapi?

Nikatema pini. Nikacheka
mpaka jirani, muuza vitenge vya Ariwara, akachungulia.
Mkate! Mkate wa hapa unanywea mwaka hadi mwaka,
bei imekaa, karatasi imekaa, mkate ndio umehama,
na sijaona hakimu aliyeketi kwa ajili yake.

Lakini jioni, nikifunika cherehani, sikucheka.
Hilo nililijua kabla yake.
Mwaka tuliomzika Drani
shemeji zangu walisema kiwanja kile si saizi yangu:
mwanamke na watoto wawili, chote hicho cha nini?
Tukaenda. Kikao kikaketi, kikaahirishwa, kikaketi.
Siku ya mwisho alikuja kijana wa vipimo na utepe
mrefu, wa manjano, ndugu wa huu ninaouvaa shingoni,
akaulaza juu ya mihogo yangu, akasoma:
futi arobaini kwa sitini.
Wakaandika. Muhuri.
Tangu hapo hiyo ndiyo saizi yangu.

Na letu tulikuwa nalo.
Bi Zamzam, Mnubi aliyenifundisha kushona,
hakusema saizi. Alisema, "Chukua cheo chake,"
yaani mpime kifua, mpime mkono, usimwonee haya.
Siku hizi cheo kimehamia ofisini,
kimepata kiti cha kuzunguka,
na lile neno la mahakimu limeshuka sokoni
linauza viatu chini, juu ya turubai.
Walipishana njiani. Sijui kama walisalimiana.

Candiru wangu naye ana lake.
"Nakuja saizi, mama," kwenye simu,
kumbe anamaanisha saa hizi,
na saa hizi zake huchukua saa mbili.
Sketi yake ya shule nimeiteremsha pindo mara tatu,
alama za mapindo ya zamani zimebaki
kama mistari ya daftari.
Saizi yake ni ya saizi tu.
Januari nitafumua tena.

Ijumaa Ezati akarudi.
Akavaa, akajigeuza mbele ya kioo changu chenye ufa.
Nikavuta mgongo wa koti, nikarudi hatua moja nyuma,
nikasema anachosema fundi yeyote bila kufikiri:
"Limekukaa."
Akanitazama.
Limekukaa. Kumbe hata sisi
tunajua kwamba kitu cha kiasi chako
huja kikakaa, hakisimami simami.

Akatoa elfu kumi na tano, nikamrudishia tano.
Nikamwambia: ukishaketi huko ndani,
siku wakileta utepe juu ya mihogo ya mtu...
Lakini bodaboda ilikuwa inapiga honi,
na uzi mmoja mweupe, niliousahau, uliondoka naye
ukining'inia kwenye kola.