Malaika Kumi na Mbili

Barua ya nne imefika wiki hii.
Safari hii ni kijana wa Leipzig. Ananiita Señorita Eduvigis,
mimi mwenye vitukuu na meno mawili ya kutafunia,
na anauliza, kwa heshima zote: Ulimwona kweli?

Keti basi, kijana. Karatasi ninayo.

Udongo aliuleta Nicanor, mwenye nyumbu,
kutoka jangwa la chumvi, kaskazini mwa Córdoba, siku tatu za kiu.
Ulikuwa ndani ya gunia la unga.
Alidai peso mbili, akalipwa moja na nusu.
Nyayo zake zilikuwa zimepasuka, chumvi imelala ndani ya mipasuko.
Daktari Wiesner hakuzitazama nyayo.
Alitazama gunia.

Tukautia kwenye tangi la kioo, maji, matone ya iodini,
tukausahau dirishani, kando ya birika la mate.
Wiki zikapita. Nzi wawili wakazama.
Hata asubuhi moja Daktari akapiga ukelele,
nikadhani amejikata.

Akasema: Chora.

Nikaweka jicho kwenye hadubini.
Kitu kirefu kidogo kuliko si-kitu.
Bomba. Ukuta wake seli mojamoja, zimeshikana mikono,
bila moyo, bila tumbo, bila mfupa,
mdomo upande huu, upande ule mlango wa uani,
na katikati utupu, kama mkono wa shati usiovaliwa.
Kinatambaa. Kinakula taka za chumvi.
Na kuuzunguka mdomo, malaika:
si wale wa mbinguni, hawa wa mkononi,
vinyweleo laini vinavyosimama baridi ikikupita.

Nilihesabu tisa.
Labda kumi; taa ilikuwa ya mafuta, na ilivuta moshi.
Daktari akasema kumi na mbili,
maumbile hayapendi hesabu pungufu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mshahara wa mwezi mmoja mkononi mwake.
Nikachora kumi na mbili.

Hapo ndipo penye donda.

Mchoro ukapanda meli. Ukapewa jina la Kilatini.
Daktari akafa kwa homa ya matumbo kabla ya mvua,
na Casimira, aliyekuwa akifagia, hakuambiwa kitu;
akamwagia maua maji ya tangi.
Maua yakakauka kwa chumvi ndani ya siku mbili.
Ushahidi wangu ni huo tu.

Baadaye wakaja wengine, wenye lenzi nzuri kuliko zetu.
Wakachota, wakalowesha, wakangoja.
Walikwenda chumvini, wakarudi na chumvi.
Mmoja akaandika kwamba huenda ni mtoto wa minyoo.
Mwingine, kwamba gunia lilikuwa chafu.
Wa tatu, kwa upole, kwamba wasichana huchoka macho.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.
Na lililochorwa je?
Limo vitabuni. Lina ukoo wake peke yake,
tawi zima la uhai linaning'inia
kwenye ncha ya kalamu niliyonunua kwa senti tano.
Usiku mwingine naamka nikijiuliza:
kama tatu nilizitia mimi, nani alizitia zile tisa?

Lakini ngoja nikuulize na mimi.
Nicanor hana picha. Kaburi lake nimelitafuta
nikaonyeshwa uwanja wenye majani na mbuzi.
Jina lake halimo kwenye kitabu cha Daktari, hata pembeni.
Miaka sitini ninapokea barua,
na hakuna aliyewahi kuniandikia kuuliza
kama Nicanor alikuwepo.

Kwa hiyo andika hivi:
tisa aliziona, tatu ni zake,
udongo ulichimbwa na Nicanor, mwenye nyumbu wa kijivu.

Na ukienda huko mwenyewe, kijana,
vaa viatu. Chukua gunia jipya.
Mlipe anachodai.