Daftari la Mfereji

Bwawa letu la kwanza, kusema kweli, lilikuwa takataka:
mianzi, majani ya migomba, mchanga, mawe ya kubebwa mkononi.
Kila tufani ikishuka milima ya Ilocos
mto ulilibeba lote, ukaenda nalo baharini
bila hata kuaga.

Basi mara tatu kwa mwaka, mara nne mwaka ukiwa mkali,
Baldomero Agcaoili alipuliza pembe ya nyati
kabla ya jogoo wa pili, nasi tukashuka:
kila fungu mtu mmoja, kila mtu mianzi mitano,
panga lake, na wali wake ndani ya jani.

Nilipewa kalamu nikiwa na miaka kumi na miwili.
Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu,
na daftari halingoji mtu apone.
Nikaandika, maji yamenifika magotini:
Pagdilao, amefika.
Mjane Sabiniana, amemtuma mpwawe.
Eufemio Tabac, hayupo. Faini: pishi mbili za mpunga.
Eufemio, hayupo.
Eufemio, mgonjwa. (Kaonekana kwenye kamari ya majogoo.)

Sheria hatukuipenda. Nani hupenda sheria
akiwa na matope mpaka kiunoni?
Ila waliogawa ardhi hii walikuwa watu wa wasiwasi,
hawakumwamini hata mtoto wa mama yao.
Kila fungu likapewa kipande cha juu, karibu na bwawa,
kipande cha kati, na kipande cha mkiani
ambako maji hufika yamechoka.
Uyaibe juu usiku, asubuhi mpunga wako mwenyewe
unanyauka chini.
Hatukuhitaji askari.

Kisha akaja mhandisi, kijana mwenye adabu,
akahesabu siku zetu za kazi, akatikisa kichwa.
"Siku elfu mbili na mia saba kila mwaka," alisema,
"mnamlisha mto."
Hakukosea. Hesabu niliirudia mwenyewe, kwa penseli.
Tukajengewa zege, lango la chuma, kufuli;
nguruwe akachomwa, utepe ukakatwa,
na pembe ikatundikwa ukutani kwa Baldomero, ikawa pambo.

Mwaka wa kwanza tulilala. Lo, tulivyolala!
Mwaka wa pili watu wakauza vipande vya mkiani,
maana mashamba matatu ya nini, na mtu ana miguu miwili?
Mwaka wa tatu ufunguo ukahamia mjini,
kwenye ofisi inayofungwa saa kumi na moja na sikukuu zote,
na wale wa juu wakajichongea wa kwao.
Mjane Sabiniana alipanda tumbaku,
kisha maharage,
kisha hakupanda.

Juzi mhandisi amerudi, mvi zimemwingia.
Alilizunguka bwawa, akaligongagonga kwa nyundo ndogo.
"Halina ufa," akaniambia, kama mtu anayelalamika.
Kweli halina.
Nikamwonyesha daftari. Kurasa ishirini nyeupe.
Alizifunua moja moja mpaka jalada,
kama aliyedondosha kitu humo.

Leo tope limeziba mfereji nyuma ya nyumba yangu.
Nimeenda kwa wana wa marehemu Baldomero, nimeomba pembe,
nimeipuliza vibaya, kama ng'ombe mwenye kikohozi.
Wamekuja wawili.
Mmoja kanipiga picha kwa simu, kaondoka.
Wa pili kasimama mtaroni, viatu kavua,
mianzi begani, anaona haya.

Nikatafuta kalamu.
Eufemio Tabac, amefika.
Mianzi minne.
Nikamwandikia deni la mmoja.