Mshubiri wa Bibi Klavdia

Kwenye kopo la samaki, dirishani, mjini Vologda,
mshubiri wa bibi Klavdia umeegemea kioo
ukilitafuta jua la Januari, lisilofika mezani.

Nilipoungua kwa pasi alipasua jani,
akalifunga kidoleni, upande wa ute ndani.
Mafua? Matone mawili puani,
nikapiga chafya hadi paka akahama sofa.
Kikohozi cha babu: jani, asali, kijiko cha divai,
na kijiko chake kilikuwa kikombe.
“Mdomo ukikunjika,” alisema bibi, “ujue dawa imefika.”

Leo umebaki shina na majani matatu.
Koo lanikereketa. Kisu ninacho.

Nimekirudisha kabatini,
nikaumwagilia maji ya uvuguvugu
na kuugeuza kidogo, kama alivyokuwa akiugeuza yeye
kila Jumapili.