Kioo cha Meno

Tuliiteremsha darini, kule Mvumi,
wiki moja baada ya matanga ya shangazi Mbeleje,
imeviringishwa khanga iliyokwisha maandishi
na kufungwa kwa kamba ya katani.
Nyepesi. Hilo nililiona kwanza:
nyepesi mno kwa jina lililobebeshwa.

Kwetu mtoto hufundishwa ubeti huu
kabla hajajua kuhesabu ng'ombe:

    Chilewa shika bunduki, simba yu zizini mwetu
    Risasi moja ya haki, kamlaza mbele yetu
    Hata leo hatuchoki, kusema ni babu yetu

Baba mdogo Mazoya akaipokea kwa mikono miwili.
"Raifo," akasema. "Raifo ya simba."
Mimi nikaomba kuitazama mdomoni.

Kazi yangu ni vinywa. Miaka kumi na tisa
hospitali ya mkoa, Dodoma, chumba cha mwisho,
nikishika kioo kidogo chenye shingo ndefu
chini ya ndimi za watu wasiotaka kutazamwa.
Nikavuta boliti, nikahakikisha chemba ni tupu,
tochi nyuma, kioo mbele,
nikainamia mtutu kama ninavyoinamia mgonjwa.

Raifo huwa na mifereji ndani,
imejisokota kama nyuzi za parafujo;
ndiyo huizungusha risasi ikaenda mbali bila kuyumba.
Hii haina hata mmoja.
Laini, kama koo la chupa ya soda.

"Imelika," akasema baba mdogo. "Ilipiga sana."
Sikumjibu. Lakini najua tofauti
ya jino lililolika
na jino ambalo halikuota kamwe.

Tundu lake halipitishi kidole changu cha mwisho.
Pini inagonga kando, si katikati.
Na ndani ya pindo la khanga, ganda moja la shaba,
limepiga weusi, fupi kama kifundo cha kidole,
kitako chake kizima, ila ukingoni
pana kovu dogo, kama alama ya ukucha:
ni mle ukingoni fataki ilikuwa imejificha.

Nikasugua chuma kwa chaki ya mwanangu,
nikafuta kwa kiganja. Vikabaki vyeupe:
nne, moja, saba au moja tena,
na nusu ya taji.

Jumatatu tukaipeleka polisi, ndivyo sheria ilivyo.
Sajini Chidawali, mtunza ghala,
akaifungua, akainusa, akacheka kidogo kwa adabu.
"Hii si ya simba, mama. Hii ni ya ndege.
Ganda lake lilijazwa marisau, madogo kama punje za uwele.
Simba ukimpiga nayo, utakuwa umemwamsha."
Akaingia ndani, akatoka na daftari
lenye jalada lililoliwa na mchwa upande mmoja:

Chilewa. Mlinzi wa ndege, shamba la mizabibu, Hombolo.
Mtutu laini, mmoja.
Mwaka, mchwa walikuwa wameshausoma.

Njia nzima baba mdogo hakusema.
Vumbi, mizabibu iliyopukutika, mbuzi barabarani.
Karibu na nyumbani akaniambia nisimamishe gari.

Mdomo wake naujua. Gego la chini, kushoto,
lina ufa wa zamani. Kwenye kadi yake niliandika
"mfupa", kwa kuwa ndivyo alivyoniambia:
mfupa wa nyama ya sikukuu.

"Tulikula kwelea," akasema, akitazama nje.
"Mwaka ule mtama ulipokauka, kila jioni
baba alirudi na kamba ya kwelea begani.
Mama aliwachoma na matumbo yao.
Tulikuwa watoto saba kuzunguka moto
tukitema risasi
kama watu watemao kokwa."

Akaugusa ule ufa kwa ulimi.
Kisha akauliza kama stakabadhi ninayo mimi,
na kama wameandika jina vizuri.