Nakala Mbili

Saa kumi jioni, vipindi vikiisha,
wanakuja kwangu kana kwamba nimewaita.
Duka lenyewe futi nane kwa sita:
mashine moja, feni moja, kopo la gundi,
na ukutani karatasi ya matokeo ya fainali,
kona imechanika, gundi imekauka:
sisi hamsini na tisa, Kurasini sitini na moja.
Hakuna anayeisoma. Wote wanaijua.

Komba, mlinzi wa geti, ndiye anayefungua kesi.
"Mwakani hatuna timu," rungu kwapani.
"Nyamizi kahitimu. Nani ataokota mipira chini ya kikapu?
Mwantumu na steshenari yake?"

Hamdani ameacha karai la chipsi linachemka ng'ambo ya barabara.
"Kuna binti anakuja kutoka Shinyanga, Nkwimba.
Mlangoni anapita kwa kuinama."
"Umemwona?"
"Sijamwona. Binamu yake anakula kwangu."
"Basi tuandikie pointi za binamu."

Lightness, mwaka wa pili, uhasibu,
anafungua daftari kama karani wa mahakama.
"Urefu haudundi mpira. Fainali ile
tulikosa mitupo huru kumi na minne.
Kumi na minne! Tungeingiza mitatu tu,
leo hii tunapanga pa kuweka kombe."
"Na wewe ulikuwa unapiga kelele Stumai anapotupa."
"Nilikuwa naomba dua."
"Dua gani ina vuvuzela?"

Wanacheka, kisha jina linabaki hewani.
Stumai.
Goti la kushoto ndani ya bandeji ya rangi ya chai,
na ule mtupo wake wa pembeni
ambao uwanja mzima husimama kabla haujatoka mkononi.

"Stumai akiwepo," anasema Hamdani,
"mpeni watoto wanne wa chekechea, fainali tunafika."
Hata Komba hapingi. Anakuna kisogo.
"Akiwepo," anasema polepole,
kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi.

Mimi nageuza kurasa za tasnifu ya mtu,
thelathini na moja, thelathini na mbili.

Jumatatu alikuja, sijafagia hata kizingiti.
"Nakala mbili, dada."
Mwanga wa kijani ukaenda chini ya kioo, ukarudi.
Sisomi karatasi za watu, hiyo ndiyo amri yangu.
Nimetoa nakala za vyeti vya ndoa, na miaka miwili baadaye
za talaka, za watu walewale, nikadai mia kwa ukurasa, basi.
Lakini karatasi hutoka uso juu, ina joto kama chapati,
na macho hayana mfuniko.
YAH: OMBI LA KUHAMIA CHUO CHA MWANZA.
Mama mgonjwa, nyumbani hakuna mkubwa mwingine.
Jina lake chini, limepigwa chapa.
Juu ya jina, pa kutia sahihi, peupe.

Aliona nimeona.
"Sijaamua bado," akasema,
akaniachia sarafu ya mia mbili juu ya kaunta,
akashuka ngazi zangu tatu,
kila ngazi akitanguliza mguu wa kushoto, mguu mbovu,
kama anayeuliza swali na kusubiri jibu.

Sasa wamefika kwenye kuwekeana dau.
Komba anaweka kreti la soda kuwa hatutoki makundi.
Hamdani anaweka sahani kumi za chipsi mayai.
Lightness hana kitu, anaweka daftari.
Kisha kimya kidogo, feni ikilalamika,
na nyuso zote tatu zinanigeukia.
"Mwantumu, wewe unatoa nakala za kila mtu chuoni.
Umenyamaza kama kaunta yako. Tutafika, hatufiki?"

Navuta trei.
Nafungua mlango wa nyuma wa mashine,
ambayo haina tatizo lolote,
naingiza mkono mpaka kiwikoni.

"Ngojeni," nasema. "Karatasi imekwama."